Gereji ya baba mkwe

Jamani, miaka yote niliyokaa huku Nebraska sikujua kuna watu wanajaza risasi wenyewe nyumbani, kihalali kabisa, kwa kujifurahisha tu. Kumbe baba mkwe ni mmoja wao! Jumamosi akaniita gereji nione.

Ganda la shaba likishapigwa halitupwi. Analitia kwenye pipa dogo linalozungushwa na mota, ndani kuna magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Linatoka linang'aa kama pete ya harusi. Kisha mashine ya mkono inalirudisha kwenye umbo lake na kung'oa kiwashio cha zamani, yaani kile kidude cha kwenye kitako kinachowasha baruti. Anaweka kipya, anapima baruti kwenye mizani kwa greni (7,000 ndiyo ratili moja), mwisho anabana kichwa cha risasi.

Hapo kwenye baruti mzee hana utani. Kitabu cha vipimo kiko wazi mezani, simu marufuku, sigara ndiyo usiseme. Ikizidi, bunduki inaweza kukupasukia usoni. Ukisahau kuitia, kiwashio peke yake kinaweza kusukuma risasi ikakwama katikati ya mtutu, halafu ukipiga ya pili ndiyo balaa lenyewe. Kwa hiyo anamulika tochi kila ganda kabla ya kuziba.

Nikamuuliza, "Baba, unaokoa hela kweli?" Akasema sana. Mama mkwe akadakia kutoka jikoni: "Anaokoa wapi! Anapiga mara mbili zaidi."