Haifai kitu, asema mnunuzi

Ndugu zangu, mama zangu, aksanti kwa kunivumilia juma lingine tena. Leo naanza na koti.

Ilikuwa Jumamosi, soko la Kadutu, na mvua ya asubuhi ilikuwa imegeuza njia zote kuwa sabuni. Nilitafuta koti kwa sababu baridi ya Bukavu inaingia hadi kwenye mifupa (ninyi mlio Uvira hamwezi kujua). Mama mmoja alikuwa amemwaga nguo zake za chagua, yaani mitumba, juu ya turubai, na katikati ya lile rundo nikaliona: la kijivu, zito, bitana yake nzima. Moyo uliruka, uso nikaukunja. Kila anayenunua Kadutu anajua kwamba uso usipokunjwa, bei nayo itaruka.

“Mama, hii iko mubaya.”

“Mubaya wapi, Papa?”

Nikamwonyesha. Kifungo kimoja hakipo. Rangi imekufa. Mfuko umelegea kama shavu la mzee. Nilivyolisema lile koti, ungedhani nalinunua ili nikamsaidie kulichoma. Aliomba dola 15, akakubali 7, akaguna tu.

Nililivaa palepale. Nikapanda kilima chetu nalo, na kabla sijafika mlangoni majirani wanne walikuwa wamekwisha kuambiwa bei. Mama watoto nilimshika mkono: “Gusa bitana! Gusa!”

Kesho yake, siku ya Mungu, mhubiri akafungua Mithali 20, mstari wa 14. Mnunuzi husema, haifai kitu, haifai kitu. Akiisha kwenda zake, anajisifu. Kanisa zima likaguna kwa utakatifu, kila mtu akimfikiria jirani yake. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Ndipo kutoka kwenye mabenchi ya akina mama ikatoka sauti, wala haikuwa kubwa:

“Papa, butoni ilipatikana?”

Miaka yote tumeimba katika jengo moja na sikuwahi kumwona. Sokoni yeye alikuwa amenitambua tangu mwanzo, akaniacha niseme hadi nichoke.

Tangu siku hiyo nausoma mstari huo kwa namna nyingine. Katika Kiebrania, anachosema mnunuzi ni neno moja fupi lililorudiwa, *ra, ra*. Mbaya, mbaya. Ni “mubaya, mubaya” ya Kadutu kabisa, na mimi niliyedhani ujanja wangu ni wa mji huu nimekuta umeandikwa kabla Kadutu haijawa hata kijiji. Kitabu chenyewe kinatuambia, sura ya 25, kwamba sehemu ya mithali hizi ilinakiliwa na watu wa Hezekia mfalme wa Yuda. Nawaza wale waandishi wameinama kazini, kalamu mkononi, na mmoja anafika pale kwenye mvivu anayegeuka kitandani kama mlango kwenye bawaba zake. Huwezi kuniambia hakutabasamu. Pengine alimgusa mwenzake kwa kiwiko.

Sisi Mithali tunazisoma kwa uso wa matanga. Tunazipigia mstari, tunawapa watoto wakariri, tunamtumia shemeji kwenye simu ule unaomhusu. Kucheka hatucheki. Lakini mtazameni mvivu wa sura ya 26. Kwanza hawezi kutoka nje kwa sababu kuna simba njiani. Kisha anatumbukiza mkono ndani ya sahani, na kuurudisha kinywani kunamchosha! Bugali iko mbele yake, sombe iko mbele yake, mkono umo ndani, na safari ya kurudi imemshinda. Watu husema mji wetu una umbo la mkono wenye vidole vitano, zile rasi tano, uliotumbukizwa ziwani. Nikipita Nguba na kuona maji ya Kivu upande huu na upande ule, namkumbuka yule bwana na sahani yake. Halafu nakumbuka barua tatu ambazo sijazijibu, na simba wangu mwenyewe njiani.

Wazee wetu walikuwa na kipaji hichohicho. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: hakuna hotuba ndefu pale, mgeni anaona jembe, anacheka, anaelewa. Mithali 25:17 inasema jambo lilelile, kwamba mguu wako usizidi nyumbani kwa jirani, asije akakuchoka. Na iko ile ya 27:14, kwamba anayembariki rafiki yake kwa sauti kuu asubuhi na mapema, itahesabiwa kwake kuwa laana. Kwa kuwa kanisa letu lina spika mbili zinazoanza kazi saa kumi na moja ya alfajiri, mstari huo naupita haraka.

Lakini kicheko nacho kina saa yake. Niliwahi kwenda kumpa pole jirani aliyeunguliwa nyumba, moja ya zile za mbao zinazoshika moto mfululizo, ikiwaka moja zinawaka kumi. Nilitaka kumpunguzia mzigo, nikamtolea kichekesho. Alinitazama tu. Mithali 25:20 ilikuwa imekwisha kunionya: kumwimbia nyimbo mwenye moyo mzito ni kama kumvua mtu nguo siku ya baridi. Na mimi, mwenye koti, ningepaswa kujua. Mji huu una watu wengi wa kutoimbiwa. Wako waliomlilia Askofu Mkuu Munzihirwa, aliyeuawa hapa Oktoba 1996. Wako waliokimbia vita ya Juni 2004. Mwaka 2025 tuliona benki zikifunga milango, na mtu mwenye akiba yake akawa anakopa chumvi. Kwa hiyo anayekuambia “cheka tu, Mungu iko” kabla hajakaa kwanza karibu nawe, mpe jembe.

Hata hivyo neno la 17:22 halikuandikiwa watu wasio na shida. “Moyo uliochangamka ni dawa nzuri, bali roho iliyopondeka huikausha mifupa.” Dawa hupewa mgonjwa.

Nadhani ndiyo maana nampenda Sara. Alicheka ndani ya hema, kicheko cha uchungu cha mwanamke aliyesubiri hadi mwili umechoka, kisha akakana: sikucheka. Akajibiwa, sivyo, umecheka. Mungu hakumnyang’anya kile kicheko. Alimngojea, na mtoto alipozaliwa akaitwa Isaka, jina lenye kicheko ndani yake, na sasa Sara akasema: “Mungu amenifanyia kicheko, kila asikiaye atacheka pamoja nami.” Pamoja nami. Nimelishika neno hilo, kwa sababu pale kanisani yule mama angeweza kunivua nguo mbele ya watu wote kwa kusema bei tu. Aliuliza habari ya kifungo. Nikacheka, naye akacheka, na mhubiri, aliyekuwa hajui lolote, akacheka kwa sababu mabenchi ya mbele yote yalikuwa yanacheka.

Baada ya ibada nilimfuata na dola 5 mkononi. Akakataa. “Papa, biashara ilikwisha. Wewe ulisema iko mubaya, mi niliitika.” Tukaongea kidogo, kuhusu watoto wake, kuhusu bei ya balo, lile furushi la nguo za chagua, inavyopanda kila juma.

Jumapili iliyopita alinijia tena, ana kifungo ndani ya kipande cha karatasi. Koti ni la kijivu, na kifungo chenyewe ni chekundu kama pilipili. Mama watoto amekishona hivyohivyo.