Okidi, siku ya 97: mzizi mmoja, na mizani ya jikoni

Umetoka! Mzizi mpya. Haujafika hata sentimita mbili, ncha yake ni ya kijani chenye wekundu kwa mbali, umechomoza ubavuni mwa shina chini ya jani la pili. Tangu asubuhi nimekwenda kuutazama mara nne. Nyumbani wameshaacha kuniuliza natazama nini.

Kwa aliyepitwa: nilianza na okidi mbili, mimea ya maua ya aina ya Phalaenopsis, nyeupe na zambarau. Zambarau tuliizika siku ya 41. Iliyotoa mzizi ni nyeupe, ile ambayo siku ya 52 niliitoa chunguni ikiwa na mizizi hai mitatu tu, majani yamelegea kama ulimi wa mbwa aliyetoka kukimbia.

Leo ni habari ya maji tu. Karibu miezi mitatu nimepigana na swali moja: katikati ya chungu pamekauka, au bado?

Swali la kitoto, utasema. Juu panaonekana. Pembeni napo, kama chungu ni cha plastiki inayoonyesha ndani, mizizi ikilowa inakuwa kijani na ikikauka inarudi rangi ya fedha. Ile velameni, ganda la kama sifongo linaloufunika mzizi, ikishiba maji inapitisha mwanga, kijani cha ndani kinaonekana. Haya tunayajua wote. Kinachoniudhi ni kwamba rangi hiyo ni habari za ukutani peke yake. Mizizi yangu ya ukutani ilikuwa ya fedha safi, inalia kiu, nami nikainywesha, tena na tena. Kumbe kitovuni kuna bwawa.

Kitovuni kulikuwa na donge la sfagnamu, aina ya kuvumwani inayoshika maji sana. Wanaootesha okidi kwa biashara mara nyingi huanzisha mche kwenye kikombe kidogo cha sfagnamu; ukikua, wanautumbukiza na donge lake kwenye chungu kikubwa na kujazia magome pembeni. Ukitazama juu unaona magome, basi unajiambia una chungu cha magome. Mimi nilijiambia hivyo siku 52. Nilipolibana lile donge lilitoa maji kama dekio, na harufu yake sitaki kuikumbuka. Kila mzizi uliopita humo ulikuwa umekwisha: unavuta, ngozi inabaki mkononi, kwenye mmea unabaki uzi.

Halafu kuna ule ushauri wa kumwagilia "mara moja kwa wiki", na mwenzake wa vipande vitatu vya barafu. Jamani! Huo ni wa watu wenye vipasha joto ndani ya nyumba, hewa yao kavu kuliko karatasi. Sisi hewa yenyewe imelowa. Chungu hikihiki, kipindi cha mvua kilikaa siku 12 ndipo kikakauka. Upepo mkavu ulipoanza, siku 5. Sasa wiki inaingiaje hapo?

Nilijaribu kidole, hakifiki. Nikajaribu kijiti cha mianzi: unakichomeka, unakiacha dakika kumi, unakitoa na kukigusa shavuni kama kina ubaridi. Kilinisaidia mpaka siku nilipoutoboa mzizi mmoja kati ya ile mitatu. Sikulala vizuri. Kile kipimo cha unyevu chenye sindano ndicho takataka kabisa kwa kazi hii. Kimeundwa kwa udongo unaoshikana. Ukikiingiza katikati ya magome yenye mapengo ya hewa kinakuambia "kavu" huku maji yanachuruzika chini. Nimewapa watoto wachezee.

Mizani ilikuwa rafuni muda wote, Mungu anisamehe. Ni ya jikoni, inasoma gramu moja moja. Siku ya 53, baada ya kuhamisha, nilimwagilia, nikaacha chungu kichuruzike nusu saa, nikakipima: gramu 612. Kesho yake 593. Kisha 576, 560, ikaendelea kushuka hivyo. Kadiri siku zilivyokwenda mwendo ulipungua, na ilipofika 447 ikaganda: siku mbili nzima zimeondoka gramu 2. Hapo hakuna tena cha kukauka, si ukutani wala kitovuni. Sheria yangu sasa ni 460. Ikifika, namwagilia, haijafika, siigusi, hata majani yanililie vipi. Mmea ukinenepa namba itabidi isogezwe juu, lakini hilo ni tatizo la mtu mwenye bahati.

Uhamishaji wenyewe sina mengi. Mkasi niliupitisha kwenye moto, kilichooza nikakata, nikajaza magome makubwa, mkaa, na makumbi ya nazi kidogo niliyoloweka siku tatu nikibadilisha maji mpaka yakaacha kutoa rangi. Makumbi yanashika maji mno, safari nyingine nayaacha. Kosa langu lilikuwa mdalasini. Unga wake unakausha, ndiyo maana unafaa kwenye jeraha, nami kwa wema nikaupaka hadi mizizi mizima. Ncha mbili zikasinyaa.

Zambarau, kama wengine walivyouliza, haikufa kwa donge. Niliiua kwa chupa ya kupulizia. Kila usiku niliinyunyizia majani, ati naiongezea unyevu, kana kwamba unyevu tunaukosa. Maji yakatuama kwenye moyo wa mmea, pale jani jipya linapotokea, na usiku usio na upepo hayakauki. Siku moja nikashika jani la juu, likatoka lote mkononi. Phalaenopsis inakua kwa ncha moja. Ncha ikioza, ni bahati sana mmea kuchipua pembeni. Sasa namwagilia asubuhi tu, moyoni nikiona tone nalifyonza kwa karatasi, na ile chupa inatumika kupigia pasi.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kuanza mbolea, robo ya kipimo, kisha kutafuta mahali penye ubaridi wa usiku, kwa kuwa joto lisiloshuka chini ya nyuzi 28 linaizuia kutoa bua la maua. Blume, mtaalamu wa mimea, alipoipa jina Phalaenopsis mwaka 1825 alimaanisha inafanana na nondo. Kwangu hajatua nondo hata mmoja.

Lakini juzi jirani kanipa kichipukizi cha Dendrobium, okidi ya aina nyingine, chenye vijizizi vitatu, na tangu hapo mbolea nimeisahau. Nimewaza: kama adui ni kitovu cha chungu, kwa nini pawe na chungu? Mimea hii kwao inakaa juu ya matawi. Nikiifunga kwenye gogo kwa uzi wa nailoni, maji yanapita, hewa inazunguka, hakuna pa kufichia bwawa. Najua itataka maji kila siku, kiangazi labda mara mbili. Nyeupe haiguswi, msinitanie. Gogo nimeshalipata, nimelitoboa tundu la kuning'inizia, liko ndooni linaloweka.

Kabla ya kulitia ndooni nililipima. Gramu 838, likiwa kavu.