Trela si gemu: wenye mabanda ya Tanga, tazameni haya kwanza

Wenzangu wa mabanda ya gemu Ngamiani na Chumbageni, vijana wameona trela, yaani video ya kutangaza gemu mpya, wameshaanza: "Hii inaingia lini?" Tangu E3, maonyesho ya gemu ya Marekani, ifungwe rasmi Desemba 2023, macho yapo kwenye maonyesho ya gamescom, kule Cologne, Ujerumani, kila Agosti.

Kabla ya kuweka oda, msidanganywe na uzuri wa trela iliyochorwa tu kama filamu. Tafuteni kipande ambacho mtu anacheza kweli, mtazame kamera inapogeuka haraka. Picha ikikwamakwama, au mti wa mbali ukichipuka ghafla, mashine imeelemewa. Fremu ni picha moja moja zinazounda video: fremu 60 kwa sekunde maana yake picha mpya kila milisekunde 16.7, fremu 30 ni 33.3. Kwenye mpira na ngumi, kidole kinaihisi tofauti hiyo: umebonyeza, kipa kashapitwa. Ila msikimbilie kulaumu gemu. TV nyingi huchelewesha picha zikiipamba, kwa hiyo ingieni kwenye mipangilio muwashe hali ya gemu. Watu wengi hawaigusi kabisa, inasikitisha.

Nafasi ya kuhifadhi gemu nayo ni balaa. PlayStation 5 (PS5) ya mwanzo ina GB 825, zinazobaki ni kama 667, na gemu kubwa moja hupita 100. Diski ya USB inaweza kutunza gemu za PS5, lakini haizichezeshi. Nunueni SSD ya M.2, kadi ya hifadhi inayochomekwa ndani ya mashine, yenye bati la kupoza joto. Kupakua GB 100 kwa intaneti ya kasi ya Mbps 10 (megabiti 10 kwa sekunde) ni saa 22 hivi, umeme usipokatika. Anzeni usiku.