Mama Kevina na Mabinti Wanane wa Nkokonjeru

Dada yake babu yangu aliondoka nyumbani kwetu Busia katika miaka ya hamsini, akiwa msichana, akavuka mpaka kwenda Nkokonjeru nchini Uganda ili awe mtawa, na kwa muda mrefu baba yake hakutaka jina lake litajwe mbele yake. Binti alikuwa amekwisha kuposwa, ng'ombe wa kwanza wa mahari walikuwa tayari zizini, na ikabidi warudishwe walikotoka huku kijiji kizima kikitazama. Sisi tulimfahamu akiwa mzee, tukimwita Sista tu, na kila alipokuja Kisumu kututembelea tulimwuliza ni nani aliyempa moyo wa kuyaacha yote yale. Jibu lake lilikuwa moja: Mama Kevina.

Alizaliwa mwaka 1875 karibu na Arklow, Ireland, akaitwa Teresa Kearney. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, mama yake akafuata mtoto akiwa na miaka kumi, akalelewa na bibi yake. Mwaka 1895 alijiunga na Masista Wafransisko wa Mill Hill, London, akapewa jina la kitawa la Kevin, na tarehe 15 Januari 1903 alifika Nsambya, Kampala, pamoja na wenzake watano. Reli ilikuwa imefika Kisumu Desemba 1901, kiasi cha mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Walikuwa wameitwa na Askofu Henry Hanlon wa Wamisionari wa Mill Hill, msimamizi wa Vikarieti ya Kitume ya Upper Nile, yaani eneo la misheni ambalo halijawa jimbo kamili, na ninapenda Wakatoliki wa huku kwetu wakumbuke kwamba vikarieti hiyo ilijumuisha pia Kisumu, Mumias na Kakamega, mpaka mwaka 1925 sehemu hizo zilipotengwa kuwa eneo lao la misheni, Prefektura ya Kavirondo. Kwa hiyo tunapomtaja Mama Kevina hatumtaji mtu wa majirani peke yao.

Zahanati yake ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, Nsambya ilipokea pia wapagazi wa jeshi, wale ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki hadi leo katika mtaa wa Kariokor jijini Nairobi, na ambao wengi wao walichukuliwa kutoka Nyanza.

Jambo linalonigusa kuliko yote ni la ukunga. Siku hizo sheria za Kanisa hazikuwaruhusu watawa wa kike kuzalisha, kwa hoja kwamba kazi hiyo haikupatana na nadhiri ya usafi wa moyo. Hebu fikiria hali ya wanawake hawa: mjamzito analetwa akiwa amelala uchungu siku mbili, na sista aliye mbele yake, mwenye mikono na akili timamu, hana ruhusa ya kumsaidia. Mama Kevina hakulivunja agizo, wala hakukubali kwamba huo ndio mwisho wa jambo. Akishirikiana na daktari mlei, Evelyn Connolly, alianzisha Nsambya mwaka 1921 shule ya wauguzi na wakunga, ili mabinti wa Kiafrika wapate ujuzi ambao watawa wenyewe walikuwa wamezuiwa kuutumia. Roma ilibadili msimamo wake Februari 1936, ikawaruhusu masista wa nchi za misheni kujifunza na kufanya kazi ya ukunga. Miaka kumi na mitano ni muda mrefu wa kungoja kwa mwanamke mwenye uchungu, na ninaamini shule ile iliokoa roho nyingi kabla barua ya Roma haijaandikwa.

Halafu kuna mwaka 1923, ambao kwa bahati ndio aliozaliwa Kardinali Otunga kule Chebukwa, Bungoma. Mwaka huo Mama Kevina alianzisha Nkokonjeru shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, akianza na mabinti wanane wenyeji. Wengi waliona haiwezekani. Msichana wa Kiafrika angewezaje kuishi bila mume, bila mtoto wa kumrithisha jina, bila mahari inayomwezesha kaka yake kuoa? Maswali hayo hayakuwa ya kijinga, na baba wa Sista aliyauliza kwa uchungu wa kweli. Lakini mama huyu aliwaamini wale wanane, akawapa shirika lao wenyewe badala ya kuwafanya wasaidizi wa kudumu wa masista wa Ulaya. Leo masista hao wanafundisha na kuuguza Uganda, Kenya na Tanzania, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko hata makazi ya wagonjwa wa ukoma aliyoyafungua Nyenga na Buluba katika miaka ya thelathini.

Alifariki tarehe 17 Oktoba 1957 huko Brighton, Massachusetts, akiwa na miaka 82, akazikwa Ireland. Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Waliomba mwili wake urudishwe, na Desemba mwaka huohuo akazikwa Nkokonjeru. Katika Kiganda jina Kevina limekuwa neno la kutajia hospitali au nyumba ya huruma.

Sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu, tangu mchakato wa kumtangaza mwenyeheri ulipofunguliwa katika Jimbo la Lugazi mwaka 2016. Kwa kuwa yeye hakuuawa kwa ajili ya imani, kama walivyouawa Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, unahitajika muujiza mmoja uliothibitishwa kabla ya kutangazwa mwenyeheri, na mwingine baadaye kabla ya kutangazwa mtakatifu. Muujiza hauwezi kuchunguzwa kama walioupata wamekaa nao kimya. Ninawasihi wanajumuiya wenzangu wa Busia na Kisumu: kama kuna neema uliyopewa baada ya kuomba kwa maombezi yake, iandike na tarehe zake, weka karatasi za daktari, umpelekee paroko.

Kuhusu Sista, baba yake hatimaye alimwita nyumbani. Hakumwomba msamaha, na Sista hakuudai. Alimwonyesha mtamba mmoja zizini, akamwambia huyo ni wake, ampeleke kwa masista wenzake wapate maziwa.