Jumatano Sokoni Taveta
Nilifika Taveta, mji wa Kenya ulio mpakani na Tanzania, Jumatano, ambayo pamoja na Jumamosi ndiyo siku ya soko, na kabla jua halijapanda mikungu ya ndizi ilikuwa imekwisha kupangwa juu ya majani makavu ya migomba, utomvu ukiwa bado unadondoka. Mama mmoja aliyevuka kutoka Holili, upande wa Tanzania, na magunia mawili ya maharage alipokea noti za Kenya, akarudisha chenji kwa shilingi za Tanzania, akipiga hesabu kichwani upesi kuliko mimi na simu yangu.

Eneo lenyewe ni kavu, lakini chemchemi za Njoro Kubwa hutoa maji yatokanayo na Kilimanjaro, yakasambazwa mashambani kwa mifereji, hivyo ndizi ya Kenya hunyweshwa na mlima wa Tanzania. Tangu mwaka 2016 ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika katika kituo cha pamoja cha mpakani, hata hivyo, kwa mkulima mdogo naona kilio ni kilekile cha bei, kwani ndizi iliyokwisha kukatwa haimsubiri mnunuzi, na dalali analijua hilo vizuri.

Nilinunua mkungu mmoja, nikaupakata ndani ya matatu, na tulipofika Voi shati langu lilikuwa limekwisha kuharibika kwa utomvu.