Fundi Viatu wa Concord

Mwezi wa nne mwaka 2017 Baba alikuja kututembelea Lowell, jimbo la Massachusetts, Marekani, na baridi ikamkuta ndani ya koti langu, mikono ya koti ikimfunika vidole. Jumatatu ya Siku ya Wazalendo sikuwa na zamu, nikampeleka Concord. Tukaanzia Daraja la Kaskazini, pale wanamgambo walipofyatuliana risasi na askari wa mfalme wa Uingereza tarehe 19 Aprili 1775. Baba akapiga picha moja, kwa adabu tu. Mtu aliyekulia karibu na Fort Jesus hashtushwi na daraja la mbao.

Kisha tukapanda makaburi ya zamani katikati ya mji. Huko nyuma, kilimani, kuna jiwe la John Jack, mzaliwa wa Afrika, aliyefariki Machi 1773. Alikuwa mtumwa wa fundi viatu, naye akawa fundi viatu, mwishowe akajinunua.

"Fundi viatu?" Baba akasimama. Miaka 40 ameshona viatu kibandani Mwembe Tayari. Uzi umemchimbia mfereji kwenye kidole. "Hebu nisomee."

Nikatafsiri kwa kubabaisha. Alizaliwa nchi ya utumwa, lakini alizaliwa huru. Aliishi nchi ya uhuru, lakini aliishi mtumwa. Hadi kwa jasho lake la halali, ingawa liliibwa, akapata chanzo cha utumwa, nacho kikampa uhuru. Hapo nikakwama.

"Sasa hicho chanzo cha utumwa, Baba, sijui ni..."

"Pesa, mwanangu. Hata hilo wauliza?"

Nikamweleza kwamba maneno yale ni ya Daniel Bliss, wakili aliyekuwa upande wa mfalme, akiwasuta majirani zake waliodai uhuru huku wamemiliki watu. Mwaka 1775 mji ukamshinda, akakimbia. Wakili hakumvutia Baba.

"Huyu fundi aliacha nini?"

"Shamba na vyombo vyake. Alimwachia Violet, mwanamke aliyekuwa mtumwa kwenye familia ileile."

"Akavipata?"

"Alikuwa bado mtumwa, Baba. Mali ya mtumwa ni ya bwana wake."

Baba akainama, akalipitia jiwe zima kwa kidole, mstari kwa mstari, ingawa Kiingereza chake ni cha bei na namba za viatu.

"Huyo Violet yuko mstari gani?"

"Hayumo."

Akalitamka jina mara mbili, kisha akaanza kushuka kilima, akishika mawe ya wengine asiteleze.