Wanawake Walioachwa Katika Maelezo ya Picha
Mkutubi hujitolea kwa alicho nacho, nami ninazo rafu. Kwa hiyo jioni, maktaba ikishafungwa, hubaki nikiandika makala za wanawake katika Wikipedia ya Kiswahili. Kanuni ya kamusi elezo hiyo ni kwamba mtu hustahili makala iwapo wengine wasiohusika naye wamekwisha kumwandika, na hapo ndipo wanawake wengi wanapokwama: Donna Strickland hakuwa na makala ya Kiingereza hadi alipotunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2018, ingawa miezi michache kabla rasimu ilikuwa imewasilishwa, ikakataliwa kwa upungufu wa vyanzo. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, ana bahati kwamba Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Wengine nawatafuta katika magazeti ya zamani, ambamo maelezo ya picha humtaja kila mwanamume kwa jina na cheo, kisha huongeza "na mkewe". Wahariri wa Wikipedia nao, kusema kweli, huwabana wauguzi kuliko wanavyowabana wanasoka. Nikilipata jina katika tanzia au kijitabu cha chama, huandika tarehe na namba ya ukurasa, ili atakayetaka kuifuta makala aanze kwanza kwa kusoma.